Habari za Hazina ya Mji



Katika mwaka wa Yubilei twawakumbuka wazee waliotoa kuku, mahindi na nguvu za mikono yao ili kanisa na shule visimame. Basi yafaa tujue pia jinsi watu wa nchi nyingine walivyotafuta njia ya kutunza sadaka, izidi kufaa hata baada ya mtoaji kufariki.

Hapo kale tajiri aliyetaka kusaidia watu aliandika wasia, akaifungia mali yake kazi moja. Benjamin Franklin wa Marekani alifariki mwaka 1790, akaiachia miji ya Boston na Philadelphia pauni 1,000 kila mmoja, ili wakopeshwe mafundi vijana waliooa, wasiotimiza miaka 25, waliokwisha kumaliza uanagenzi wao. Nia yake ilikuwa njema. Lakini viwanda vilipozidi, desturi ya uanagenzi ilififia, na wakopaji wakawa wachache. Fedha zilikuwapo, na wahitaji walikuwapo, lakini neno la marehemu liliwatenga.

Jambo hili lilimhangaisha Frederick Goff, mwanasheria na mkuu wa benki katika mji wa Cleveland. Mwaka 1914 akaanzisha hazina moja ya mji mzima, ambamo mwenye mengi na mwenye machache aliweza kutia mali yake. Benki iliitunza mali, bali matumizi ya faida yake yaliamuliwa na baraza la wakazi watano: wawili walichaguliwa na benki, mmoja na meya, na wawili na mahakimu. Wenye vyeo vya siasa hawakuruhusiwa, wala wa dhehebu moja wasizidi wawili. Hivyo kila kizazi kingeweza kutazama shida za siku zake.

Tena hazina ile, ingali changa, ilianza kwa kuuliza maswali. Mwaka 1915 ilichunguza shule za mji, na mwaka 1921 mahakama na polisi. Habari zikatangazwa waziwazi, watu wakazijadili, wakadai matengenezo. Ndipo wenyeji wakawa washauri wa mji wao, si wapokeaji tu.

Njia hii ilienea katika nchi nyingi. Mwaka 1997 ilianzishwa Kenya Community Development Foundation, nayo huwataka wenyeji walete kwanza fungu lao, kisha huwaongezea. Watu wetu hawakuliona jambo hili kuwa geni, maana harambee waliijua. Lakini harambee hujenga nyumba, kisha watu hutawanyika. Bati likivuja, mchango huanza upya. Hazina huweka mbegu ghalani, watu wakala mavuno.

Hata hivyo, mbegu haitadumu ikiwa watu wachache tu ndio wenye ufunguo wa ghala. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa hiyo, enyi walimu, wafundisheni watoto kusoma hesabu za usharika kama wasomavyo hesabu za darasani. Nanyi Wakristo, msione haya kuuliza sadaka yenu imefanya nini. Kuuliza kwa adabu si kukosa imani, bali ni kuendelea kutoa.

Mungu aibariki kazi ya mikono ya wazee wetu, na watoto wetu waikute ingali hai.