Wakili Mkuu wa Serikali na Mashauri ya Mombasa Bara

Katika ngazi za utumishi wa sheria nchini Kenya, anayemfuata Mwanasheria Mkuu ni Wakili Mkuu wa Serikali, na ingawa cheo hicho hutajwa kwa nadra Likoni, Kisauni na Changamwe, mashauri ya madai ambayo wakazi wa huko hufungua dhidi ya Serikali Kuu hujibiwa na idara ambayo yeye ndiye mtendaji wake mkuu.

Cheo hiki kilizaliwa Uingereza katika karne ya 15, kikaletwa Kenya na utawala wa kikoloni, ambao chini yake kilikuwa pia ngazi ya kupandia. Eric Griffith-Jones, aliyekishika kuanzia 1952 wakati wa hali ya hatari ya vita vya Mau Mau, alipandishwa kuwa Mwanasheria Mkuu mwaka 1955, na miaka miwili baadaye akamwandikia Gavana Evelyn Baring waraka ulioeleza namna ya kuipa kibali cha kisheria nguvu iliyotumiwa dhidi ya wafungwa wa vizuizini. Ni doa lisilofutika katika historia ya ofisi ya Mwanasheria Mkuu, kwa kuwa linaonyesha kwamba mshauri wa sheria aweza kuigeuza sheria yenyewe kuwa kificho cha dhuluma.

Pwani ilikuwa na jeraha lake la kisheria la zamani zaidi. Sheria ya Hati za Ardhi ya 1908 iliwataka wenye madai ya ardhi katika ukanda wa pwani wayawasilishe kwa msajili, na ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa kuwa ya Serikali ya kikoloni. Kwa hiyo Wamijikenda na Waswahili wengi ambao hawakuwasilisha madai walijikuta wakiitwa maskwota, yaani wakaao bila hati, juu ya ardhi ya wazee wao. Migogoro ya mashamba ya Likoni na Kisauni haieleweki bila sheria hiyo.

Katiba ya 2010 ilibadilisha sura ya kazi ya Wakili Mkuu. Mamlaka ya kuendesha mashtaka ya jinai yalihamishiwa kwa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, akabaki Mwanasheria Mkuu kuwa mshauri wa Serikali na mtetezi wake katika mashauri yasiyo ya jinai, huku sheria ya 2012 kuhusu ofisi yake ikimfanya Wakili Mkuu kuwa afisa anayewajibika kwa fedha na uendeshaji wa idara. Tanzania ilichukua njia nyingine mwaka 2018, ilipomtengea Wakili Mkuu ofisi yake mwenyewe ya kuiwakilisha Serikali mahakamani.

Mombasa ilionja mapema mfumo mpya wa Kenya. Julai 2012 Mahakama Kuu ya Mombasa iliondoa marufuku iliyowekewa Mombasa Republican Council, kundi lililodai Pwani ijitenge na Kenya, mwaka 2010. Mawakili wa Serikali walikata rufaa, nayo ikatupiliwa mbali mwaka 2016.

Shauri zito zaidi, hata hivyo, ni la Owino Uhuru, mtaa wa Mikindani, Jomvu, eneo lililokuwa sehemu ya jimbo la Changamwe hadi 2013, ambako kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwatia wakazi sumu ya risasi. Mwanasheria Mkuu alikuwa miongoni mwa walioshtakiwa. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3, Mahakama ya Rufaa ikaitengua mwaka 2023, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairejesha. Miaka yote hiyo ilikuwa ya watoto waliokua na sumu mwilini, na hakuna hoja ya utaratibu inayoweza kuifanya iwe mifupi.

Hata kushinda hakumalizi safari. Sheria ya Mashauri dhidi ya Serikali, katika kifungu cha 21, inakataza mali ya Serikali kukamatwa ili kulipia hukumu. Mshindi hupewa cheti cha amri, hukiwasilisha, kisha hungoja afisa anayewajibika kwa fedha za wizara husika alipe, na asipolipa, hulazimika kurudi mahakamani kuomba amri ya kumshurutisha afisa huyo.