Bunduki ya Zamani Haitaki Ubabe

Wasee, kuna bunduki inaitwa Springfield. Jeshi la Marekani liliichagua 1873, na askari wa Custer walikuwa nayo kule Little Bighorn 1876. Bado wakachapwa. Leo kuna Wamarekani huwinda kulungu nayo, wakijitengenezea risasi nyumbani. Shida? Chuma chake kilitengenezewa baruti nyeusi. Ukiijaza baruti kali ya siku hizi, inaweza kukulipukia usoni. Na risasi ikiwa nyembamba kuliko mtutu, haishiki mifereji ya ndani. Inayumba, kulungu anatoroka na kidonda. Basi pima mtutu kwanza, yeyusha madini laini ya risasi na bati kidogo, halafu sogea karibu. Mimi naona hivi: kitu cha kale unakiheshimu kwa kujua nguvu zake zinaishia wapi.