Pareto Iling'olewaje Masaba

Kwa asili pareto si mmea wa milima ya Gusii, magharibi mwa Kenya. Ni ua la mwituni la pwani ya Dalmatia, Kroatia ya leo, linaloota kwenye nyasi kavu katikati ya mawe ya chokaa. Wenyeji wa huko walilikausha, wakalisaga na kuuza unga wake ng'ambo kama dawa ya viroboto na kunguni. Vita Vikuu vya Kwanza vilipovuruga biashara hiyo, Japani ikashika soko. Mwaka 1928 pareto ikafika Kenya mikononi mwa walowezi wa pande za Nakuru. Japani nayo ilipojitosa vitani mwaka 1941, Waingereza na Wamarekani wakageukia Kenya kutafuta dawa ya kukinga askari wao dhidi ya mbu na chawa.

Abagusii walingoja zamu yao. Mlango ulifunguka miaka ya 1950, hasa baada ya Mpango wa Swynnerton wa 1954 kuwapa Waafrika nafasi pana ya kulima mazao ya biashara. Pareto hutaka usiku wa baridi ndipo itoe maua. Ikipandwa mabondeni hustawi majani tu. Kwa hiyo ikapata makao sehemu za juu za Gusii: Masaba, Keroka, hadi pande za Borabu.

Kazi kubwa ilikuwa ya akina mama na watoto. Maua yalichumwa kila baada ya wiki mbili au tatu, yakaanikwa juani, yakapelekwa kwenye chama cha ushirika, kisha kiwandani Nakuru. Bei ilipangwa kwa wingi wa sumu iliyomo, nayo hukaa zaidi kwenye vijimbegu vya kichwa cha ua. Sumu hiyo huangusha mdudu haraka, kisha huvunjika ikipigwa na jua. Kahawa ilimfanya mkulima asubiri msimu. Pareto, enzi zake nzuri, ilileta hela mara kwa mara, na karo haikungoja msimu.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Kenya ilivuna karibu tani 18,000 za maua makavu kwa mwaka, zaidi ya nusu ya pareto yote duniani. Miongo miwili baadaye zilibaki tani mia kadhaa.

Wapo wanaosema dawa za viwandani ndizo zilizoiua. Hesabu ya miaka inakataa. Permethrin, dawa iliyotengenezwa kwa kuiga sumu ya pareto, ilitangazwa Uingereza mwaka 1973, na Kenya ikafika kileleni karibu miaka 20 baada ya hapo. Tena, wakati mkulima wa Masaba anang'oa, kisiwa cha Tasmania huko Australia kilikuwa kinapanua mashamba yake mpaka kikaongoza dunia. Wanunuzi walikuwepo. Kilichokosekana ni malipo: Bodi ya Pareto ilipokea maua ikakaa na deni, mwaka baada ya mwaka. Mtu mwenye ekari moja ya kugawia wanawe hawezi kuikopesha serikali. Akapanda chai, mahindi, nyasi za ng'ombe. Mimi simlaumu.

Hasara iliyosemwa kidogo ni ya mbegu. Wakulima wetu wengi walizalisha pareto kwa kung'oa shina kubwa na kulipasua vipande vya kupanda. Shina likienda, na mche wa kesho umeenda. Kule Dalmatia ua bado lipo porini, na watafiti wa Zagreb wamekusanya mbegu zake kutoka maeneo mbalimbali na kuzihifadhi. Gusii hakuna pori la kulihifadhi. Kila kipande kina mwenyewe, na pareto huishi pale tu mwenye shamba anapoitaka.

Sheria ya mwaka 2013 ilivunja ukiritimba wa Bodi, kampuni binafsi zikaingia, na kaunti kama Nakuru zikagawa miche. Kisii na Nyamira zikitaka kufuata, zianze na mkataba unaotaja siku ya malipo, miche ije baadaye. Nawe msomaji, kama kuna shina la pareto ya wazee lililosalia ukingoni mwa shamba lenu, usiling'oe. Pasua kipande, ukipeleke kwa watafiti wa kilimo wa KALRO, shirika la serikali, pale Kisii.