Injeksheni ya Pampu na Njia ya Kale ya Tabora

Kati ya magari ya kale ya mwendo kasi yanayonunuliwa Afrika Mashariki, yanayowatia watu mashaka zaidi ni yale ya petroli yasiyo na kabureta wala kompyuta. Mahali pa vitu hivyo pana pampu ya chuma inayopima mafuta na kuyasukuma kuelekea kila silinda kwa zamu. Mfumo huo wa injeksheni ya pampu ulishamiri kuanzia miaka ya 1950 hadi katikati ya miaka ya 1970. Uliwahi kushinda mashindano makubwa ya Afrika Mashariki, kisha ukatoweka kabla haujazoeleka gerejini. Sababu zake huonekana wazi ukiutazama kutoka Igalula, kituo cha Reli ya Kati kilicho mashariki ya mji wa Tabora. Kila chombo kilichopita njia hiyo, tangu mabega ya wapagazi hadi injini ya dizeli, kilidumu kwa kadiri kilivyopata riziki yake, vipuri vyake na watu wa kukihudumia njiani.

Njia kabla ya injini

Igalula imo katika wilaya ya Uyui, kwenye nchi ya Wanyamwezi yenye misitu ya miombo. Katika karne ya 19 misafara iliyotoka Bagamoyo ilivuka mbuga na pori la kati, ikapita Tura, Rubuga na Kigwa, hadi ikafika Unyanyembe, palipo Tabora ya leo. Richard Burton na John Speke waliingia Kazeh, makao ya wafanyabiashara Waarabu huko Unyanyembe, tarehe 7 Novemba 1857, baada ya safari ya zaidi ya miezi minne kutoka pwani.

Mizigo ilibebwa na watu kwa sababu ya ndorobo, ambao huambukiza mifugo ugonjwa wa nagana. Mwaka 1877 wamisionari wa London Missionary Society walijaribu kuingiza magari ya kukokotwa na ng'ombe kwa njia ya Mpwapwa, na ng'ombe wao wakafa. Mpagazi wa Kinyamwezi aliweza kubeba kilo 30 hivi na kutembea wiki baada ya wiki, ilimradi kila baada ya siku chache pawepo kijiji cha kuuza nafaka. Riziki ya msafara ilitoka kwenye mashamba ya njiani, na pale njaa ilipoingia, msafara ulisimama.

Reli iliyoanzia Dar es Salaam mwaka 1905 ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Igalula ikawa miongoni mwa vituo vyake. Injini ya mvuke nayo ilihitaji riziki, yaani maji na kuni, na ilihitaji mafundi wa kuziba mabomba na kubadili bearing. Huduma hizo zilipangwa pamoja na reli yenyewe, na Tabora ikawa mji wa karakana na mafunzo ya reli. Chuo cha reli kipo huko mpaka leo.

Gari la petroli lilipoanza safari za bara halikuwa na maandalizi kama hayo. Paul Graetz, ofisa wa Kijerumani, aliondoka Dar es Salaam tarehe 10 Agosti 1907 kwa gari la Gaggenau, akafika Swakopmund kwenye Bahari ya Atlantiki tarehe 1 Mei 1909. Petroli na vifaa vyake vilitangulizwa na kuwekwa akiba kwenye vituo vya njiani. Gari la kwanza kulivuka bara lilitegemea utaratibu uleule wa misafara: mzigo utangulie, chombo kifuate.

Pampu inavyofanya kazi

Injini ya petroli huhitaji hewa na mafuta kwa uwiano unaofaa. Kabureta hufanya kazi hiyo kwa mvuto wa hewa: hewa ikipita kwa kasi kwenye koo jembamba hufyonza petroli kutoka kibakuli chenye boya. Ni chombo rahisi. Fundi akiwa na bisibisi na pumzi ya kuzibua jeti anaweza kukifanya kiendelee na kazi. Udhaifu wake huonekana mahali pagumu. Kwenye barabara ya mashimo petroli hurukaruka ndani ya kibakuli, na kwenye milima hewa hupungua uzito huku jeti ikitoa mafuta yaleyale.

Pampu haingoji mvuto wa hewa. Pistoni ndogo, kwa kawaida moja kwa kila silinda, husukuma kiasi kilichopimwa hadi kwenye nozeli. Ufundi huu ulikomaa kwanza katika dizeli. Kampuni ya Robert Bosch ya Ujerumani ilianza kutengeneza pampu za dizeli kwa wingi mwaka 1927, na kutokana nazo lori la dizeli likawa chombo cha kutegemewa. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, injini za ndege za Kijerumani kama Daimler-Benz DB 601 zilitumia pampu za petroli, hivyo zikaendelea kunguruma hata ndege ilipoinamishwa ghafla, hali iliyokuwa ikizima injini za kabureta.

Baada ya vita ujuzi huo ulihamia kwenye magari. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 ulitumika katika magari madogo ya Gutbrod na Goliath, na mwaka 1954 katika Mercedes-Benz 300 SL. Mercedes-Benz 220 SE ilifuata mwaka 1958. Kampuni ya Kugelfischer, iliyojulikana kwa bearing zake, ilitengeneza pampu iliyofungwa kwenye Peugeot 404 na baadaye BMW 2002 tii. Porsche ilichukua pampu ya Bosch yenye pistoni sita kwa ajili ya 911E na 911S za mwaka 1969, ikaendelea nayo katika Carrera 2.7.

Kazi ngumu zaidi ndani ya pampu ya Porsche ni kupima. Petroli inayotakiwa hubadilika kila dereva anapokanyaga au kuachia mafuta, na kila mzunguko wa injini unapopanda au kushuka. Kwa hiyo ndani yake mna kipande cha chuma kilichochongwa kwa mabonde na vilima. Mguu wa dereva hukizungusha, na vyuma vinavyotanuka kwa kasi ya injini hukisogeza mbele na nyuma. Kila sehemu ya uso wake ni kipimo cha mafuta kwa hali moja ya injini. Kidude kingine huhisi mgandamizo wa hewa na kupunguza petroli gari linapopanda. Tabora, iliyo mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, hewa yake ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa kama asilimia 11, na pampu iliyo nzima hujirekebisha yenyewe kwa tofauti hiyo.

Miaka ya Safari

Sifa ya mfumo huu Afrika Mashariki ilitokana na mashindano ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953 kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth na kupita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1961 John Manussis wa Kenya alishinda kwa Mercedes-Benz 220 SE. Kisha ikaja zamu ya Peugeot 404. Bert Shankland, mkazi wa Dar es Salaam, akiwa na msoma ramani wake Chris Rothwell, alishinda mwaka 1966 na kurudia mwaka 1967 kwa 404 ya injeksheni. Mwaka 1968 mvua iligeuza njia kuwa matope. Magari 93 yaliondoka na 7 tu yakamaliza, na la kwanza kati ya hayo lilikuwa 404 ya Nick Nowicki na Paddy Cliff.

Ushindi huo haukuletwa na pampu peke yake. Peugeot 404 ilikuwa na bodi imara na springi zilizovumilia makorongo, na madereva wake waliifahamu ardhi. Lakini njia iliyopanda kutoka pwani hadi nyanda za juu, kwa siku kadhaa mfululizo, ilikuwa hasa mahali ambapo kupima mafuta kwa usahihi kulileta faida. Mwaka 1975 Ove Andersson alishinda kwa Peugeot 504 ya injeksheni. Porsche 911 ilikaribia mara mbili: Sobiesław Zasada alikuwa wa pili mwaka 1972, na Björn Waldegård akawa wa pili mwaka 1974, mwaka ambao njia ya mashindano ilianza kubaki ndani ya Kenya pekee.

Magari hayo yalisafiri na mafundi, nozeli za akiba na petroli iliyochujwa. Gari la mashindano lilikuwa na msafara wake, kama Graetz alivyokuwa na akiba zake. Mwananchi aliyenunua Peugeot ya kwenda Tabora hakuwa na msafara huo.

Kwa nini kabureta na dizeli vilibaki

Peugeot zilizobeba abiria na mizigo Afrika Mashariki zilikuwa hasa pikapu na stesheni wageni za 404 na 504, na hizo zilikuja na kabureta. Katika njia ya mchanga, ambako petroli ilifika kwa pipa na kumiminwa kwa mpira, kabureta ilivumilia uchafu na maji kuliko pampu yenye pistoni zilizobana kwa sehemu ndogo mno ya milimita. Punje ya kutu iliyoziba jeti huondolewa kando ya barabara. Punje hiyo ikikwaruza pistoni ya pampu, kazi imehamia benchi la majaribio.

Hali ya uchumi iliongeza uzito. Bei ya mafuta ilipanda ghafla mwaka 1973, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika mwaka 1977, na vita na Uganda ya Idi Amin ya 1978 hadi 1979 ikamaliza fedha za kigeni. Tanzania ya miaka iliyofuata ilikuwa nchi ya kutafuta vipuri kwa tochi. Kipuri cha pampu ya gari la anasa hakikuweza kushindana na dawa, mbolea na vipuri vya malori.

Hata hivyo pampu yenyewe haikuwa ngeni. Ilikuwamo katika Leyland, Bedford na Scania za kubeba pamba na tumbaku, katika matrekta, katika jenereta za misheni na hospitali, na katika injini za treni zilizopita Igalula baada ya zile za mvuke kustaafu. Kutokana nazo ilizaliwa kazi ya fundi pampu, anayefungua pampu mezani, kupima presha ya nozeli, kutazama umbo la mnyunyizo na kulinganisha kiasi kinachotoka kwenye kila mlango. Riziki ya pampu ya dizeli ilikuwepo kila mahali: mafuta, spea na mikono.

Ulaya nako mfumo wa petroli ulipitwa. Injeksheni ya umeme ya Bosch ilianza kuuzwa mwaka 1967, na mwaka 1973 ikaja K-Jetronic, isiyohitaji kuendeshwa na injini wala pistoni za gharama. Kanuni za moshi zilidai vipimo ambavyo chuma kilichochongwa kilitimiza kwa shida. Kufikia mwisho wa miaka ya 1970 pampu ya petroli ilikuwa imeachwa na karibu watengenezaji wote wa magari ya kawaida.

Ununuzi wa magari hayo leo

Hamu ya magari ya zamani ilifufuka mwaka 2003, yalipoanzishwa mashindano ya East African Safari Classic kuadhimisha miaka 50 ya Safari ya kwanza. Porsche 911 imeng'ara humo, na Waldegård alishinda nayo mwaka 2011. Mnunuzi hukutana kwanza na sheria. Kenya hairuhusu kwa matumizi ya kawaida magari yaliyotumika yenye umri wa zaidi ya miaka 8, na Tanzania hutoza ushuru wa ziada kwa gari kuukuu. Hayo yakishawekwa sawa, linabaki suala la pampu.

Fundi wa dizeli ndiye jirani wa karibu wa mfumo huu, lakini tofauti ni lazima zijulikane. Dizeli ina utelezi na hulainisha pampu yake. Petroli haina utelezi huo, ndiyo maana pampu ya Porsche hulainishwa kwa oili ya injini, na pampu iliyokosa oili hujiua. Dizeli hupimwa mafuta pekee, huku petroli ikidai mafuta na hewa viende pamoja, kwa hiyo fito zinazounganisha pampu na milango ya hewa lazima ziwe na urefu na pembe iliyoagizwa. Gari lililokaa miaka likiwa na petroli ndani huwa na utando mgumu kwenye pistoni, na kulizungusha kwa stata kabla ya kusafisha ni kuliharibu.

Ukaguzi hufuata mpangilio. Kwanza hupimwa presha ya silinda, kisha uwazi wa valvu, kisha plagi na taiming ya moto. Baada ya hapo hutazamwa tangi, filta na presha ya petroli, halafu mkanda wa pampu na alama zake, halafu fito na ulinganifu wa hewa. Kidude cha joto kinachoongeza petroli injini ikiwa baridi nacho hukaguliwa, kwa maana kikikwama gari hutoa moshi mweusi na kula mafuta hata likiwa la moto. Pampu yenyewe huguswa mwisho. Kosa linalogharimu zaidi ni kuanza na skrubu za pampu ili kutibu mngurumo mbaya wa injini gari likiwa limesimama, uliosababishwa na valvu au plagi, kwa kuwa kipimo cha kiwandani kikishapotezwa hurudishwa kwa benchi maalumu, na mabenchi hayo yako hasa Ulaya na Marekani.

Magari mengi ya aina hii yalishabadilishwa zamani na kufungwa kabureta. Gari hilo halikosi thamani, mradi pampu yake ya asili iwepo na namba iliyochongwa juu yake ilingane na injini. Chuma cha kupimia cha 911 ya lita 2.2 hutofautiana na cha lita 2.4 au 2.7, na pampu isiyo ya injini hiyo haitapima sawasawa hata ikiwa mpya. Anayenunua kwa ajili ya barabara za bara huandaa filta za ziada, tangi lililosafishwa kutu na nozeli za akiba, na hukubaliana mapema na fundi pampu atakayelihudumia gari hilo.