Mikweche ya Ganako: historia ya gari dogo katika nyanda za Karatu

Ganako ni kata ya Wilaya ya Karatu, mkoani Arusha, jirani kabisa na mji wa Karatu, chini ya nyanda za juu za Ngorongoro. Tangu magari yalipofika upande huo wa nchi, gari dogo limekuwa chombo kinachohitajika sana na kinachoharibika sana. Kilichobadilika kutoka kizazi hadi kizazi ni chanzo cha ubovu. Zamani ulitokana na barabara, baadaye na ukosefu wa spea, na siku hizi unatokana zaidi na namna gari lililokwisha kutumika kwingine linavyotengenezwa.

Sababu ya kudumu ni ardhi yenyewe. Gari linalotoka Arusha hukimbia kwenye tambarare hadi Mto wa Mbu, penye kimo cha mita 960 hivi, kisha hukutana na ukuta wa Bonde la Ufa. Hapo hupanda kwa kona na gia nzito, likiliacha Ziwa Manyara chini, mpaka Rhotia na Karatu, takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Likiendelea kupita Lodoare, lango la Ngorongoro, hadi ukingo wa kreta, linafika zaidi ya mita 2,200. Hewa ya huko ni nyepesi, na injini isiyo na tabo hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 za kimo, kiasi kwamba ukingoni huwa imepungukiwa na zaidi ya moja ya tano ya nguvu zake. Injini kubwa hustahimili upungufu huo. Ya lita moja huelemewa kila mlima unapokaza. Maji nayo, ambayo pwani huchemka kwa nyuzi 100, ukingoni huchemka kwa nyuzi 93 hivi, kwa hiyo rejeta ambayo mfuniko wake haushiki presha huanza kutoa mvuke mapema. Juu ya hayo kuna udongo mwekundu wa volkano, ambao kiangazi ni vumbi laini linalopenya kila upenyo na masika ni utelezi mtupu.

Magari ya kwanza ya Tanganyika yalionyesha mapema kwamba kuwa na gari ni jambo moja na kuwa na spea ni jambo jingine. Mwaka 1907 ofisa wa Kijerumani Paul Graetz aliondoka Dar es Salaam kwa gari la Gaggenau, akafika Swakopmund, upande wa pili wa bara, mwaka 1909. Sehemu ya muda huo iliishia kusubiri vipuri kutoka Ujerumani. Graetz hakupita Karatu, lakini hali hiyohiyo ya kusubiri vipuri ndiyo waliyoirithi walowezi waliofungua mashamba ya kahawa Oldeani na kwenye miteremko ya Karatu katika miaka ya 1920 na 1930. Shamba lililokuja kujulikana kwa jina la Gibb, karibu na kijiji cha Tloma, lilianzishwa mwaka 1929. Mashamba hayo yalitumia malori zaidi, kwa kuwa njia za udongo hazikuruhusu gari dogo wakati wa mvua. Kwa wakulima na wafugaji wa Kiiraqw waliowazunguka walowezi hao, gari lilikuwa mali ya mzungu, ya mishenari au ya serikali, na mizigo yao wenyewe ilikwenda kwa punda na kwa kichwa.

Baada ya Vita Kuu ya Pili mambo yalianza kubadilika. Landrova ilizinduliwa mwaka 1948, na muda si mrefu ikawa gari la ofisi za wilaya na la hifadhi. Hifadhi ya Ngorongoro ilipoanza mwaka 1959, ilikuta gari hilo limekwisha zoeleka. Upande wa magari madogo, sifa zilijengwa na mashindano ya Safari Rally, yaliyoanza mwaka 1953 na kupita Kenya, Uganda na Tanganyika. Volkswagen ilishinda katika miaka ya mwanzo, Peugeot 404 ikatamba katika miaka ya 1960, kisha Datsun ikachukua ushindi wa 1970, 1971 na 1973. Watu wa Afrika Mashariki waliyasoma matokeo hayo kama ushahidi wa nini kitavumilia barabara zao, na hawakukosea. Volkswagen ya mgongo wa mviringo ilipozwa kwa hewa, haikuwa na rejeta ya kuvuja wala maji ya kuchemka, na kwa mpanda mlima hilo lilikuwa jambo kubwa. Hata hivyo kabureta zilizopimiwa usawa wa bahari zilimimina petroli nyingi kuliko hewa ya Karatu ilivyoweza kuchoma: moshi mweusi ukatoka, plagi zikashika masizi, na gari likagoma kuwaka asubuhi ya baridi. Fundi aliyejua kazi alibadilisha jeti ya kabureta. Asiyejua alisugua plagi kwa msasa, na wiki iliyofuata mteja akarudi na shida ileile.

Kipindi kigumu kuliko vyote kilikuja katika nusu ya pili ya miaka ya 1970. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977 na mpaka wa Kenya ukafungwa, usifunguliwe tena hadi 1983. Arusha ilikuwa imezoea kupata watalii na bidhaa kupitia Nairobi. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vikala fedha za kigeni zilizobaki. Petroli ikawa adimu, na magari binafsi yakazuiwa kutembea Jumapili alasiri ili kuokoa mafuta. Kiwanda cha General Tyre cha Arusha kilitengeneza matairi nchini, lakini fani belti, pampu ya maji au pistoni havikutengenezwa hapa. Gari la Karatu likiharibika lingeweza kukaa juu ya mawe miezi kwa miezi. Hapo ndipo ufundi wa kuhamisha, kuchonga na kuunganisha ulipokomaa: gasketi ikakatwa kutoka kwenye karatasi ngumu, bushi ikachongwa kutoka kwenye tairi kuukuu. Kipindi hicho kinastahili heshima kuliko kinavyopewa, kwa sababu mafundi walioshika spana wakati huo ndio waliofundisha vijana wa gereji za baadaye, bila darasa wala cheti.

Mwaka 1984 Serikali iliruhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe za kigeni, na mlango wa magari ya mtumba ukaanza kufunguka. Japani ndiyo iliyoujaza. Wajapani huendesha upande wa kushoto kama Watanzania, na sheria yao hudai ukaguzi wa gari baada ya miaka mitatu ya kwanza, kisha kila miaka miwili, kwa gharama inayowafanya wengi waliuze gari lingali zima. Lakini magari hayo hayakuimudu njia ya Karatu mara moja. Barabara kutoka Makuyuni ilikuwa ya udongo, yenye rasta zilizotikisa bolti hadi zikalegea. Mabadiliko makubwa yalikuja mwanzoni mwa miaka ya 2000, pale kilomita 77 hivi kutoka Makuyuni hadi lango la Ngorongoro zilipowekwa lami kwa msaada wa Japani. Tangu hapo Starlet, Corolla, Vitz na IST zikawa magari ya walimu, wauguzi, wafanyabiashara wa vitunguu vya Mang'ola na waongoza watalii waliohitaji usafiri wa nyumbani. Noah zikabeba abiria wa Arusha, na Suzuki Carry, inayoitwa kirikuu, ikabeba mizigo ya mnada.

Lami haikuingia mitaani wala mashambani, na ubovu wa sasa huanzia hapo. Mwenye gari anayeishi nje ya barabara kuu huona tumbo la gari linagonga mawe, akamwambia fundi alinyanyue. Fundi huweka spesa juu ya springi. Gari linapata urefu, lakini sivi jointi zinabaki zimepinda kuliko zilivyoundwa, na mipira inayozifunika huchanika. Vumbi jekundu huingia kwenye grisi na kuifanya msasa. Kinachofuata ni mlio wa kokoto kila gari linapokata kona, kisha jointi mpya ya bei ya chini, na baada ya miezi michache mlio uleule. Fundi hulaumiwa kwa jointi feki, wakati mwingine kwa haki, lakini spesa ndiyo inayozirudisha lawama hizo gerejini.

Kuchemsha ni ubovu mwingine wa namna hiyo. Gari likichemsha kwenye mlima wa Mto wa Mbu, tiba ya haraka ni kung'oa thamostati na kujaza maji ya bomba. Kwa siku chache hali hutulia. Lakini thamostati ndiyo inayoifikisha injini kwenye joto lake la kazi, na bila hiyo, katika baridi ya Karatu, injini huchelewa kupata moto na hula petroli zaidi. Maji matupu yasiyo na kulanti huleta kutu, kutu huziba mirija ya rejeta, na gari hurudi kuchemsha, safari hii kwa nguvu zaidi. Silinda hedi ya aluminiamu ikipinda, gasketi huungua, maji huingia kwenye oili, na gharama iliyokwepwa kwa kulanti ya lita chache hugeuka kuwa bei ya injini ya mtumba kutoka Arusha au Gerezani, Dar es Salaam.

Umeme wa magari mapya umeongeza ugumu wa namna nyingine. Injini yenye sensa haitengenezwi kwa kusikiliza mlio peke yake. Inahitaji mashine ya kusoma kompyuta yake, na fundi asiye nayo hubadilisha kifaa kimoja baada ya kingine mpaka abahatishe, kwa fedha za mteja.

Sera nazo zimeamua umri wa magari haya. Ushuru wa ziada uliwekwa kwa magari ya abiria yanayoagizwa yakiwa na zaidi ya miaka 10, kisha mpaka ukashushwa hadi miaka 8. Bei ya gari kuukuu linaloagizwa ikapanda, na lililokwisha kuwapo nchini likapata sababu ya kutengenezwa tena. Mwaka 2017 ada ya mwaka ya leseni ya gari ilifutwa na fidia yake ikaongezwa kwenye bei ya mafuta, kwa hiyo gari lililolala uani likisubiri injini likaacha kudaiwa kodi ya kila mwaka.

Gari lisilotengenezeka huchinjwa. Milango, taa, gia boksi na viti huuzwa kimoja kimoja kwa wenye magari ya aina hiyo, springi huenda kwa wahunzi wa mapanga na majembe, na bodi iliyobaki hupimwa kwa kilo na wanunuzi wa vyuma chakavu.