EKINOPSI

Ekinopsi (Echinops) ni jenasi ya mimea ya jamaa ya alizeti, aghalabu idumuyo miaka mingi, yenye shina refu, majani ya miiba, na vijiua visivyo na idadi vilivyoshikamana vikafanya tufe moja. Jina lake la kitaalamu lilitolewa na Linnaeus mwaka 1753. Spishi za Ulaya, kama Echinops ritro, aghalabu ni za buluu, ilhali Echinops amplexicaulis, mwenyeji wa nyika za Afrika Mashariki, hutoa tufe jekundu, na shina lake la chini ya ardhi huchipuka tena hata baada ya moto kupita.

Kilimo. Katika Kimwani, kama kwingineko mkoani Kagera, Tanzania, kivuli cha migomba na mibuni ya kibanja (shamba la nyumbani) hakiufai mmea huu, upendao jua la kutwa. Hivyo yampasa mwenye bustani kuuchagulia mahali pa wazi, penye udongo usiotuamisha maji, na ambapo mvua ni nyingi, auinulie tuta. Mbegu husiwa mwanzoni mwa mvua, na miche huhamishwa ingali michanga, kwa sababu mzizi mkuu ukiisha kuzama hauvumilii kung'olewa. Samadi iwe kidogo, kwani ikizidi shina hurefuka likakosa nguvu na kuanguka.

Manufaa. Nyuki huyapenda mno maua yake, nayo yakikaushwa hupamba nyumba kwa muda mrefu. Atakaye mbegu za nyikani na achume kwa kiasi, asiimalize asili yake.