Valvu ya Moyo Isiyohitaji Kupasua Kifua

Mwaka 1989 daktari kijana wa Denmark, Henning Rud Andersen, alikuwa Arizona, Marekani, akimsikiliza daktari Julio Palmaz akieleza jinsi stenti, kijibomba cha waya, inavyoweza kuupanua mshipa wa damu na kuuacha wazi. Andersen akajiuliza: kwa nini valvu ya moyo isishonewe ndani ya waya kama huo? Aliporudi Aarhus alikunja waya kwa mikono yake, akashonea ndani valvu ya nguruwe, akaibana juu ya puto. Mei 1 mwaka huohuo akaipitisha kwenye mshipa hadi moyoni mwa nguruwe aliye hai. Ikafanya kazi.

Majaribio yake kwa nguruwe, yaliyochapishwa 1992, yalifichua pia hatari inayowasumbua madaktari hadi leo. Mishipa inayoulisha moyo wenyewe huchipuka kwenye aota, mshipa mkuu utokao moyoni, milimita chache tu juu ya valvu. Kwa baadhi ya nguruwe, valvu mpya iliibana damu ya mishipa hiyo.

Aprili 16, 2002, mjini Rouen, Ufaransa, daktari Alain Cribier alimwekea valvu ya aota ya aina hii binadamu wa kwanza, mwanamume wa miaka 57 aliyekuwa mahututi. Mwaka 2010 utafiti wa PARTNER ulithibitisha faida yake. Kati ya wagonjwa wasioweza kupasuliwa, asilimia 30.7 ya waliowekewa walifariki ndani ya mwaka mmoja. Kwa wasiowekewa ilikuwa asilimia 50.7.

Lakini mioyo haikuumbwa sawa. Wapo ambao tundu la mshipa wa moyo liko chini mno, hata milimita 10 juu ya valvu hazifiki; valvu mpya ikitanuka, husukuma vipande vya ile ya zamani vikaliziba. Kwa wengine, mshipa mmoja wa kushoto hutokea upande wa kulia na kupita nyuma ya aota, jirani kabisa na pete ya valvu, ambako unaweza kubanwa.

Ndiyo maana kipimo cha CT hutangulia. Hatari ikionekana, waya mwembamba huachwa ndani ya mshipa ili stenti iingizwe haraka ikihitajika. Katika mbinu ya BASILICA, waya wenye umeme hupasua kipande cha valvu ya zamani ili damu ipate njia.

Ukiambiwa wewe au mzazi wako atawekewa valvu hii, muulize daktari: mishipa ya moyo inatokea wapi, na iko juu kiasi gani? Jibu lazima lijulikane kabla mgonjwa hajalazwa mezani.